Nyongeza Anatoka Jumamosi

Pensheni alikufa Jumanne asubuhi, siku nne kabla ya Nyongeza kutolewa.

Alikufa kwa ndigana, ugonjwa wa kupe. Dawa yake ipo, sindano yake ipo, na mtu anayelipwa mshahara ili aichome naye yupo. Ila siku mbili alizougua Pensheni mtu huyo alikuwa semina, na semina yenyewe ilihusu namna ya kumfikia mfugaji mdogo. Zamani mtaa wa Kasela, kule juu ya mawe upande wa Luchelele, ulikuwa na josho. Kila Alhamisi ng'ombe wote waliogeshwa, na wachungaji walikuwa wanatoka pale wananuka dawa mpaka Jumapili. Josho likafukiwa, kiwanja kikauzwa, pakajengwa nyumba ya ghorofa yenye geti jeusi. Watu waliuliza mkutanoni: je, kupe nao wameuziwa viwanja wapi? Wakaambiwa wasilete siasa.

Jina la Pensheni alilitoa Mzee Machibya mwenyewe. Miaka ishirini na sita alisukuma marobota kwenye kiwanda cha kuchambua pamba, kiwanda ambacho asubuhi moja wafanyakazi walikikuta kimefungwa kufuli, na hakuna mkubwa aliyetokea kueleza. Barua zake za kudai haki anazo mpaka leo, ndani ya mfuko wa mbolea, chini ya kitanda. Kikundi cha Upendo kilipomkabidhi mtamba mwenye mimba, mweusi, na doa jeupe kwenye paji la uso, mzee alimzunguka mara mbili akasema, "Kumbe pensheni yangu haikupotea. Ilikuwa inakuja kwa miguu."

Ng'ombe yule alikuja na sharti. Kopa ng'ombe, lipa ng'ombe: ndama jike wa kwanza utamlea mpaka ashike mimba, kisha utampeleka kwa anayefuata kwenye orodha. Pensheni akazaa dume. Akazaa dume tena. Mara ya tatu akazaa jike, mweusi kama yeye, wakamwita Nyongeza. Sasa Nyongeza alikuwa na mimba ya miezi saba, na anayefuata kwenye orodha alikuwa Roza Ajwang', mjane wa kule chini ziwani. Makabidhiano yalikuwa Jumamosi.

Hesabu haikuhitaji kalamu. Jumatatu walikuwa na ng'ombe wawili. Jumanne mmoja. Jumapili banda lingekuwa tupu, na nyumba ile ilikuwa inakula, inavaa na kutibiwa kwa maziwa.

*

Nyumba ile ilikuwa na watu wanne. Mzee Machibya, mgane wa miaka sabini na saba. Mwanawe Chenge, kibarua wa kiwanda cha minofu ya samaki, anayeitwa kazini sangara wakiwepo na kurudishwa getini wasipokuwepo. Hellen, mke wa Chenge. Na Evelina, binti yao wa miaka ishirini, aliyekuwa anazungusha maziwa kwa baiskeli kwenye vibanda vya chai vya Nyegezi.

Hellen aliolewa pale akitokea Magu, na mama yake alimfunda kwamba baba mkwe hatazamwi machoni wala hakataliwi neno. Akaja na funzo hilo. Lakini kazi ya maziwa haiendi bila kukataliana. Kila alfajiri Hellen alichuchumaa kwenye kiwele, mzee akasimama kichwani na kamba na pumba, na kati yao akawepo ng'ombe. Basi ng'ombe ndiye aliyetumwa.

"Pensheni, mwambie mzee pumba amepunguza. Kama anataka ukonde akuuze, aseme."

"Pensheni, mwambie mama Evelina pumba zimepanda bei. Mimi sichapishi noti."

"Mwambie basi na maziwa yakipungua asiniulize mimi."

"Mwambie nimeshamuuliza lini?"

"Mwambie jana."

Wote wawili wakimtazama ng'ombe. Hivyo ndivyo walivyopanga kujenga banda la saruji, walivyogombana juu ya kuuza dume la pili, na walivyompeleka Evelina sekondari. Miaka sita. Evelina, akisubiri na dumu lake mlangoni, alizoea kuwaambia, "Iko siku atawajibu nyie, mtakimbia."

Alhamisi, siku ya pili baada ya kumzika Pensheni, mzee alitoka akamkuta Hellen anafagia banda. Nyongeza alikuwa amefungwa nje kwenye mti, anatafuna. Mzee akasimama. Hellen akaacha ufagio. Kila mmoja alikuwa na la kusema, na katikati yao hapakuwa na kitu ila saruji iliyolowa.

"Evelina!" mzee akaita. "Njoo umwambie mama yako majani ya upande wa juu nimekata."

"Amesikia, babu. Yuko hapo hapo."

"Mwambie."

"Mama, babu anasema majani—"

"Mwambie babu yako asante," akasema Hellen.

Evelina akawatazama mmoja mmoja. "Mimi kuanzia leo mnilipe pumba," akasema, akaenda zake.

*

Usiku wa siku ile wakala ugali na dagaa. Chenge alikuwa amerudishwa getini tena, na mtu aliyerudishwa getini hurudi na mawazo.

"Mimi naona hivi," akasema. "Marehemu alikuwa mweusi. Huyu mweusi. Marehemu ana doa, huyu ana doa. Tofauti yao ni hereni ya sikioni tu, na hereni ya marehemu ninayo mfukoni. Nikibadilisha usiku huu, aliyekufa ni Nyongeza. Pensheni yupo, mzima, ana mimba. Nani atajua?"

"Roza atajua," akasema Hellen.

"Atajuaje?"

"Baba Evelina, yule mama kila Jumapili akitoka kanisani anapita hapa na maganda ya viazi. Anamwita bibi harusi. Anamjua mpaka kovu la gotini. Wewe tangu lini unajua alama za ng'ombe kuliko yeye?"

"Basi tumweleze katibu. Pius ni mtu."

"Nimemweleza leo," akasema Hellen.

Na kweli alikuwa amemweleza. Pius, katibu wa kikundi, alimpokea akiwa amevaa kizibao cha mradi ambacho mradi wenyewe uliondoka ukakiacha mwilini mwake. Alimpa pole. Alifungua daftari. Akasema kanuni ya tisa haina kifungu cha msiba wa ng'ombe. Tena Jumamosi kuna mgeni kutoka wilayani, na mpiga picha, na soda zimeshaagizwa. "Mama Evelina, soda zikishaagizwa mimi sina mamlaka," alisema, na alisema kwa huzuni ya kweli, maana Pius hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu wa daftari.

Mzee Machibya alimaliza kula, akanawa, akachukua simu yake ndogo ya tochi akaenda kuongelea nje. Chenge akadhani anampigia padri kuhusu misa ya mavuno.

*

Ijumaa asubuhi Hellen aliamka akakuta kamba haipo, Nyongeza hayupo, na mzee hayupo. Kwenye tope la mlangoni palikuwa na alama za matairi membamba ya kirikuu, kigari cha mizigo.

Wakati huo mzee alikuwa Kamanga, kwenye kivuko cha kwenda Sengerema. Amevaa koti lake la kanisani. Kirikuu lilimshusha nje, dereva akageuza upesi maana alilipwa mpaka pale tu. Mzee akaongoza ng'ombe wake kwenye mteremko wa kuingilia chomboni, na Nyongeza, aliyekuwa hajawahi kuona kitu kikubwa cha chuma kinaelea na kunguruma, akakita miguu minne chini akagoma.

Mzee akavuta. Nyongeza akakojoa.

"Mzee, mkatie daraja la kwanza!" kijana mmoja wa mizigo akapaza sauti.

"Mpe jaketi la kuokolea, anaogopa maji!"

"Huyo si ng'ombe, huyo mkewe, wamegombana!"

Abiria wakacheka, na baadhi ya wanawake wenye matenga wakacheka wakijificha mdomo, kwa heshima ya mvi. Akaja mfanyakazi wa kivuko na kijitabu chake. "Shikamoo mzee. Kibali cha kusafirisha mfugo?"

Mzee akajipapasa. Koti lile lilikuwa na mifuko minne, akaipapasa yote, na katika ule wa ndani vidole vyake vikakuta karatasi ngumu. Akaitoa akampa. Mfanyakazi akaigeuza huku na huku. Kilikuwa kitambulisho cha kiwanda cha pamba, picha ya kijana mwenye nywele nyingi na shingo nene.

"Mzee, hiki ni nini?"

"Ni mimi," akasema Machibya.

Hapo ndipo sauti ya mwanamke ikatoka nyuma ya moshi wa mafuta ya samaki.

"Mzee Machibya! Shikamoo!"

"Marahaba," akaitikia kabla hajajua anamwitikia nani.

Akageuka. Roza Ajwang' alikuwa amesimama mbele ya karai lake, uma mkononi, kitenge kimefungwa kiunoni. Alikuwa anakaanga sato pale Kamanga siku zote za juma, na mzee alilijua hilo kama anavyojua jina lake, ila tangu Jumanne kichwa chake kilikuwa hakibebi mambo mawili kwa pamoja.

"Unampeleka wapi bibi harusi wangu?"

Kicheko kikakatika, kisha kikarudi kwa nguvu. Mzee Machibya akatazama chini. Wapo watu walionyang'anywa ng'ombe na serikali tatu mfululizo wakaangalia mbele. Yeye, kwa ng'ombe mmoja aliyetaka kumficha, akaangalia viatu vyake.

Roza akaja. Akamtazama mzee, akamtazama Nyongeza, akamtazama mwenye kijitabu.

"Kuna nini hapa?"

"Mama, huyu mzee anasafirisha mfugo bila kibali."

"Anasafirisha nani? Huyu ng'ombe wa kwangu. Tulikubaliana amlete aone meli."

"Ng'ombe aonyeshwe meli?"

"Wewe ulipokuja mjini hukuonyeshwa?"

Mwenye kijitabu akakifunga. Roza akashika kamba, akamwambia Nyongeza neno la Kijaluo sikioni, na mtamba akageuka nyuma kama mtoto aliyeambiwa twende nyumbani.

*

Akamketisha mzee kwenye ndoo iliyofunikwa, akampa chai na sato mzima. Nyongeza akafungwa kwenye nguzo, akilamba chumvi ya mikono ya watu wanaopita.

"Kula, mzee."

"Nilikuwa namkimbiza," akasema mzee.

"Nimeona."

"Nilikuwa nampeleka kwa shemeji yangu Elias. Nambilisa."

Kubilisa ni kumpa mtu ng'ombe wako amtunze. Yeye anakunywa maziwa, na mbolea anatia shambani kwake, na ng'ombe anabaki wako. Baba yake Machibya alikuwa na ng'ombe kwenye miji ya watu, kaya kumi na moja, toka Misungwi mpaka ng'ambo ya maji. Mwaka ule wa Operesheni, watu walipopakiwa kwenye malori na vyungu vyao na kumwagwa kwenye pori lililoitwa kijiji, ng'ombe wa bomani waliisha wote. Waliokuwa kwenye miji ya watu ndio walioilea familia. Machibya alikuwa kijana, aliyaona. Ndiyo maana mzee alipobanwa alikimbilia kitu kile kile.

"Kwetu Shirati pia ipo," akasema Roza. "Lakini mzee wangu, mtu anamweka kwa watu ng'ombe wake. Huyu ni wa nani?"

Mzee akatoa mwiba mdomoni, akautazama.

"Pensheni amekufa Jumanne," akasema.

"Nilisikia. Nilitaka kuja kuwapa pole, nikarudia njiani. Nikasema nikifika sasa hivi watadhani nimekuja kuhesabu."

Akageuza samaki. Mafuta yakalia. Kisha akasema bila kumtazama, "Mimi banda ninalo. Ule mtumbwi wa marehemu mume wangu Okomo niliupasua, ubao wa chini nimefanyia hori. Fundi alisema ni dhambi, nikamwambia Okomo alikuwa analisha watu kwa ubao huo, na sasa utalisha ng'ombe. Banda zuri. Ila majani, mzee, majani sina. Kule chini wamepima viwanja mpaka kizingitini. Nimebakiza mahali pa kuanika dagaa na pa kusimama nikipiga chafya. Majani nitakuwa nanunua kwa kifungu."

Mzee alikuwa na nusu eka ya majani ya tembo. Ndiyo nusu eka pekee aliyokataa kuiuza, na madalali walikuwa wamechoka kupanda kile kilima. Alisikia maneno ya Roza. Aliyasikia vizuri sana. Akanywa chai.

Roza naye hakuongeza. Alijua kuna maneno ambayo mwenye ng'ombe hayasemi kwanza, husubiri aombwe.

*

Walirudi kwa miguu, mzee na mtamba, taratibu, wakipumzika kwenye vivuli. Walifika saa tisa alasiri. Hellen alikuwa bandani, amekaa kwenye kigoda cha kukamulia, hakuna anachokamua.

Mzee akamwingiza Nyongeza mahali pa mama yake. Akafunga kamba. Akasimama kichwani, kwenye nafasi yake ya siku zote, na Hellen alikuwa kwenye nafasi yake, na katikati akawepo ng'ombe.

Nyongeza akapumua kwa nguvu.

"Nyongeza," akasema Hellen, "umerudi?"

"Nyongeza, mwambie mama Evelina umerudi." Mzee akamkuna yule mtamba kwenye doa. "Mwambie nilitaka kuiba. Sina jina lingine la kitu kile. Mwambie nilivaa koti la kanisani nikaenda kuiba."

Hellen akasogeza kigoda karibu na kiwele.

"Nyongeza, mwambie mzee uji uko jikoni, nimeufunika. Na mwambie jana mchana mimi nilimpigia kaka yangu wa Magu, nikamuuliza kama ana nafasi bandani. Mzee kaniwahi tu."

Mzee akageuza uso ukutani. Mabega yake yakatikisika, na kwa mtu aliyekuwa nje, kama Evelina aliyekuwa ameegemea baiskeli yake akisikiliza yote, isingejulikana kama analia au anacheka.

Kisha akamweleza ng'ombe yote ya Kamanga. Meli, kitambulisho, samaki, mtumbwi wa Okomo. Alipofika kwenye majani, Hellen akainua kichwa.

"Mwambie mzee mimi hapo kwenye majani nimesikia kitu. Sijui yeye kama amesikia."

"Mwambie nimesikia. Mwambie baba yangu alikuwa na ng'ombe kwenye miji kumi na moja. Watu walikuwa wanakuja kuchuchumaa mlangoni kwake wakiomba. Mimi nilikuwa nawaletea maji. Mwambie mimi sijawahi kuchuchumaa kwa mtu nikaomba kutunza ng'ombe wa mtu."

Hellen akasimama, akajipangusa majani kwenye kanga.

"Mwambie basi aanze."

*

Jumamosi walikuja wote. Mgeni wa wilayani alikuja na gari, mpiga picha alikuja na gari hilo hilo, na kitambaa chenye maandishi kikatundikwa kwenye banda la Roza kikaziba mlango, ikabidi Nyongeza aingie kwa kuinama. Mgeni alisema ng'ombe mmoja ni ukombozi wa kaya. Alisema mara nne. Hakuuliza kaya iliyomlea ng'ombe yule imebaki na nini.

"Mzee, shika kamba hapa. Mama, na wewe shika. Mzee, tabasamu kidogo. Kidogo zaidi. Mzee, tabasamu la furaha."

Picha ikapigwa. Pius akasoma kanuni kwa sauti: mfugo atakaa kwenye banda la mnufaika, hatahamishwa. Ndama jike wa kwanza ataenda kwa Selina, ambaye jina lake linafuata. Halafu zikaja soda. Ziligawiwa kwa orodha, wageni kwanza, kisha wanufaika wapya. Mtoaji hakuwa kwenye orodha. Mzee Machibya alikuwa amekaa kwenye benchi, mikono juu ya fimbo, anatazama ziwa kama mtu ambaye hapendi soda. Roza akavuka uwanja mbele ya mgeni akiwa katikati ya neno ukombozi la tano, akachukua kikombe, akamimina nusu ya soda yake, akampa mzee kwa mikono miwili.

Waliondoka wakimwacha Nyongeza. Chenge alibeba kamba ya akiba ambayo haikuwa na kazi, akaizungusha mkononi mpaka ikamwumiza.

*

Jumapili, watu walipotoka kanisani, mzee hakupanda kilima. Alishuka. Hellen akamfuata hatua kumi nyuma, na Biblia yake kwapani.

Walimkuta Roza amekaa mbele ya banda, gauni la kanisani bado mwilini, anamtazama Nyongeza. Ndani ya hori la mtumbwi palikuwa na vipande vya mgomba. Nyongeza alikuwa hajavigusa. Alikuwa amegeuza kichwa upande wa kilimani.

"Karibuni jamani. Shikamoo mzee. Tangu jana hajala vizuri huyu. Nimemwimbia mpaka nyimbo za Okomo." Akaleta kiti.

Mzee Machibya hakukaa. Anayekuja kuomba kutunza hakai kwenye kiti mpaka ajibiwe. Alishika fimbo yake, akakunja goti moja, likalia, akakunja la pili, akachuchumaa kwenye vumbi mbele ya mwanamke mdogo kwake kwa miaka thelathini. Kitu hicho peke yake kilimchukua muda. Kisha akafungua mdomo, na hakuna kilichotoka. Akaufunga. Akaufungua tena. Roza akaanza kuogopa, akadhani mzee anaumwa.

Mzee akageuza uso kwa ng'ombe.

"Nyongeza," akasema. "Mwambie mwenye mali. Mwambie mimi Machibya nina majani, sina ng'ombe. Naomba nikutunze."

Roza akamtazama Hellen, macho yamemtoka. "Anaongea na nani?"

"Na wewe," akasema Hellen kwa sauti ya chini. "Kwetu tunaongea hivyo."

Roza akafikiri. Akavuta kigoda akasogea, akakaa upande wa kiwele, akamwekea Nyongeza mkono kwenye mbavu.

"Nyongeza," akasema, kwa Kiswahili chake cha Shirati, kwa utaratibu kama mtu anayepima samaki, "mwambie mzee nilikuwa namsubiri tangu Kamanga. Chai yake ilikuwa ya moto, sasa imepoa. Mwambie ukishazaa, maziwa ya asubuhi yangu, Evelina ataniletea kivukoni. Ya jioni yake."

"Mwambie sawa."

"Mwambie Selina atapata jike wake, asije akamkimbiza na huyo."

Mzee akakohoa. "Mwambie nimesikia."

"Na mwambie, mavi je?"

"Mavi?"

"Nina bustani ya mchicha."

Mzee akainua kichwa. Hapo kidogo damu ya mwenye ng'ombe wa miji kumi na moja ikamrudia. "Mwambie mavi ni ya mtunzaji. Toka zamani. Mavi ndiyo yanarudi kwenye majani."

"Mwambie zamani hakukuwa na mchicha wa kuuza."

"Mwambie toroli moja kwa mwezi."

"Mwambie mawili."

"Mwambie huyu mama anafanya biashara mpaka Jumapili!"

"Mwambie mawili," akasema Hellen, aliyekuwa amesimama nyuma yao muda wote, "nitayasukuma mwenyewe. Mzee akae kwenye kiti, magoti yake nayajua."

Mzee Machibya akakaa kwenye kiti.

*

Walipanda kilima saa kumi. Mzee mbele na kamba, Nyongeza katikati akitembea haraka kuliko wote, Hellen nyuma na kifimbo ambacho hakikuwa na haja. Kwenye kona ya lile geti jeusi, palipokuwa josho, wakakutana na Pius juu ya pikipiki. Hata Jumapili alikuwa na kizibao. Akafunga breki vumbi likaruka.

"Mzee Machibya! Huyu si ng'ombe wa mradi? Jana tumempiga picha. Kanuni inasema asihamishwe! Mnampeleka wapi huyu ng'ombe?"

Mzee akafungua mdomo kujieleza, kama alivyojieleza maisha yake yote mbele ya watu wenye daftari. Lakini Hellen akampita. Mwanamke ambaye kwa miaka ishirini na mbili hakuwahi kumkatalia mwanaume asiye mumewe neno uso kwa uso akasimama mbele ya pikipiki, akaweka mkono shingoni mwa mtamba.

"Kwetu hatuwasemei wengine," akasema. "Muulize mwenyewe."

Pius akamtazama Hellen. Akamtazama mzee. Hakupata msaada popote, na injini ilikuwa inanguruma, na watoto wameanza kukusanyika, akajikuta anamtazama Nyongeza. Nyongeza akamtazama naye, akitafuna, macho makubwa ya upole. Kisha akaanza kutembea, maana majani yake alikuwa ameshayaona kule juu.

"Umejibiwa," akasema Mzee Machibya, akafuata kamba yake.